Njugu

Nilitia sahihi karatasi tatu mezani pa Kavinya:
mbwa si wangu,
chakula ni changu,
mwaka ukiisha nitamrudisha
na kamba yake, na bakuli lake, na manyoya yake yote.
Hilo la manyoya nililiongeza mimi. Kavinya hakucheka.

Akamtoa kikapuni. Kitoto cha wiki nane,
rangi ya njugu zinazoepuliwa sasa hivi,
masikio makubwa kama ya kuazima.
Akakikojolea kiatu changu. Tukawa tumefahamiana.

Buruburu mbwa ana kazi moja:
kubweka langoni, na kuandikwa kwenye kibati, MBWA MKALI.
Mama Nyokabi alikuja kuniuliza mara mbili,
"Halafu wamchukue? Baada ya kumlea?
Wewe ni mzazi au ni gesti?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ndoo na tambara.

Nikamfundisha yasiyofundishwa mbwa wa huku:
asibweke lango likigongwa,
asimfuate paka hata paka akimtukana,
apite buchani kwa Kamande, mbuzi mzima ananing'inia,
aangalie mbele kama mtu mwenye deni.
Kwenye lifti ya ghorofa kumi na mbili
alilala kifudifudi akitetemeka.
Tukapanda, tukashuka, tukapanda, tukashuka,
mpaka askari akaniuliza nimepoteza nini.

Barabara ya Tom Mboya nilipomwita, "Njugu!"
wachuuzi watatu waligeuka, vipakiti mkononi.
Nikavinunua vyote, kwa aibu.

Supamaketi walitufukuza. Benki walitufukuza kwa heshima.
Bwana Abdinoor wa nyumba ya kona aliniambia wazi,
"Mate yake, jirani, usiyalete kwangu,"
nami nikawa napita upande wa pili.
Lakini mvua ya Aprili ilipotunasa
alitunyooshea kidole barazani kwake,
yeye akasimama ndani, mlango wazi,
tukazungumza bei ya unga mpaka mbingu ikachoka,
Njugu ameketi kama mgeni aliyealikwa nusu.

Kubwa kuliko yote, ukingo.
Barabara inapoanza, simama.
Hata kama hakuna gari. Hata kama nimechelewa mimi.
Simama, ngoja neno.
Nairobi hii, ambako taa nyekundu ni maoni tu,
tulisimama.
Mikokoteni ikatupita, pikipiki zikatupita,
mwaka nao ukatupita.

Siku ya kumrudisha nilimwogesha mapema.
Nikampa Kavinya kamba, bakuli, na bahasha ya kaki:
manyoya, yote niliyoyafagia chini ya kochi.
Safari hii alicheka,
kisha akaangalia dirishani kwa muda mrefu kuliko dirisha lilivyohitaji.
Nilirudi nyumbani. Nikatandika zulia jipya.
Lilikaa safi, safi ya kuudhi.

Miezi minane. Simu, nambari nisiyoijua.
"Naitwa Wafubwa, mwalimu wa historia.
Samahani mama, nina swali la kipumbavu.
Kila mtu njiani huniambia mbwa wangu ni mzuri,
hakuna anayeniambia ni wa rangi gani."

Nikasema, njugu.
Za kukaanga, si mbichi.
Zile za kwanza kutoka jikoni, kabla ya chumvi.

Akanyamaza. Kando ya sauti yake nikasikia
pumzi ninayoijua, ikihema, na mkia ukipiga sakafu,
au pengine kiti tu.
"Basi naijua rangi hiyo," akasema.
"Huwa inaunguza kiganja kidogo."

Kesho yake nilitoka kununua uzi.
Barabara nyeupe, hakuna gari, hakuna hata baiskeli,
na miguu yangu ikakwama ukingoni.
Kijana aliyekuwa nyuma karibu anivae.
"Mama, vuka!" akafoka.

Nikaona hilo nalo ni neno.
Nikavuka.